Plasta ya Mzee Saruji

Injinia, dada aliyetumwa kulikagua jumba, aligonga ukuta kwa kinyundo chake kidogo, akasikiliza, akasogea, akagonga tena. Kule mwanzo ukuta ulijibu vizuri, mlio mkavu wa jiwe. Hapa chini ya dirisha la chumba cha nyuma ulitoa mlio mwingine kabisa, mzito na mtupu, kama debe lililojaa pumba. Mzee Saruji, aliyekuwa akimfuata nyuma kofia mkononi, aliusikia akajifanya hakuusikia. Alikuwa ameamka mapema akafagia veranda yote, akamwagia ngazi maji, akavaa shati lake la kwendea misibani, maana ndilo pekee lililobaki na kola nzima.

"Hii plasta alipiga nani, mzee wangu?" Injinia aliuliza.

"Mimi." Kifua kikamtanuka hata bila kutaka. "Yote hii, kutoka msingi mpaka chini ya bati. Hakuna fundi mwingine aliyegusa."

Na alisema kweli. Jina la Saruji hakupewa bure. Zamani shamba lilipokuwa shamba, mifuko ya kwanza ya saruji ilipoletwa, yeye ndiye kijana aliyejifunza kuikoroga na kuirusha kwa mwiko, kisha kuisawazisha kwa ubao mpaka inzi akitua anateleza. Wenzake walimpachika jina hilo kwa mzaha, yeye akalivaa kama cheo. Baadaye wenye shamba waliondoka, mashine zikauzwa, mashamba yakageuka pori. Yeye na mkewe wakaachiwa ulinzi wa jumba na chumba kimoja cha kulala humo ndani. Tangu hapo ufa ulikuwa ukionekana asubuhi, jioni umeshazibwa. Mungu hakuwajalia watoto, basi mzee wa watu akalea kuta.

Jumba lenyewe lilikuwa la siku nyingi. Lilikuwa na ghorofa moja na veranda iliyozunguka pande zote, ili mwenye shamba akinywa chai yake aone kila mgongo ulioinama kule chini. Kuta zilikuwa nene, mtu mzima angeweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha akajigeuza. Jiko lilitengwa mbali, likaunganishwa na nyumba kwa njia ndefu yenye paa, kwa sababu wakubwa wale waliogopa moto, tena hawakupenda kusikia harufu ya chakula kabla hakijawafika mezani. Nyuma kulikuwa na ngazi ya watumishi iliyobanwa ndani ya ukuta, nyembamba hivi kwamba mwenye trei alipanda kiubavu. Mlango mkubwa wa mbele ulipakwa rangi kila mwaka na baba yake Mzee Saruji, na marehemu yule alikufa hajaupita hata siku moja.

Injinia aliomba ruhusa ya kubandua kipande. Mzee Saruji alitaka kusema hapana, lakini angesemaje? Yule dada alichomeka tindo, akagonga mara chache, na plasta ikatoka bapa zima kama kifuniko cha sufuria. Harufu ya udongo mbichi ikawapiga puani. Nyuma ya plasta hapakuwa na ukuta wa kuitwa ukuta. Mawe yalikuwepo, ndiyo, lakini udongo uliotakiwa kuyashika ulikuwa umelainika kuwa uji, na Injinia aliposukuma kidole kiliingia chote.

Hakumcheka. Alipangusa kidole kwa kitambaa, akamweleza polepole, jinsi mtu anavyomweleza mgonjwa. "Ukuta huu ni wa mawe na udongo, mzee. Siku zote unakunywa maji kutoka chini. Zamani maji yalitokea huku nje kwenye chokaa, jua likayakausha. Saruji imefunga njia. Sasa maji yanakaa ndani, na yakizidi yanatafuta upande wa pili."

"Upande wa pili," Mzee Saruji alirudia.

Upande wa pili kulikuwa na kitanda cha mkewe.

Mzee Saruji akaegemea nguzo ya veranda, ambayo upande huu wa nyuma ilikuwa imebaki nguzo tu bila paa. Mkewe alikuwa mwosha vyombo wa jumba hili ujana wake wote. Kiharusi kilipomchukua miguu, Mzee Saruji mwenyewe ndiye aliyekisogeza kitanda mpaka ukutani, ili bibi apate pa kuegemeza mgongo. Ni mapenzi, nani atasema si mapenzi? Baada ya msimu mmoja kifua kikaanza. Kikohozi cha asubuhi kikawa cha kutwa, sauti ikakauka ikabaki mnong'ono, na kwa kuwa hakuweza tena kuita, alikuwa akigonga ukuta kwa kijiko cha bati ili mumewe aliye nje asikie. Mara kwa mara alimwambia kwamba ukuta unatoa jasho. Na kila alipoambiwa hivyo, Mzee Saruji alitoka nje, akakoroga saruji, akaongeza tabaka jingine.

Siku hizi mkewe alilalamika pia kwamba anagonga mpaka mkono unachoka na mtu haji. Mzee Saruji alikuwa akimtania kuwa anaota mchana. Kumbe alikuwa akigonga kweli, na plasta ile nzito iliyoachana na mawe ilikuwa ikimeza mlio wote.

Injinia alimaliza kuzunguka. Mbele na pembeni, alisema, jumba lilikuwa zima, na kenchi za paa zilikuwa za mbao ambazo siku hizi hazipatikani. Huu ukuta wa nyuma tu ndio ulioanza kufura tumbo. Lakini ukuta mmoja ukienda unavuta wenzake, na ofisini waliomtuma walikuwa wakingoja neno moja tu: libomolewe au litengenezwe. Kwa alichokiona leo, ataandika libomolewe.

"Mwanangu," Mzee Saruji alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa jinsi ilivyokuwa ndogo. "Mimi huyu unayeniona sina pengine. Mke wangu yumo humo ndani, hawezi kutembea. Nipe la kufanya. Lolote."

Yule dada aliuangalia tena ukuta aliobandua. Alikuwa na huruma, na huruma ilimsumbua kazini, ilionekana. Mwishowe alisema plasta yote ya ukuta ule itoke, ukuta upate hewa na jua, kisha uvikwe chokaa. Atarudi kabla mvua hazijachanganya. Akikuta ukuta umesimama na umevaa chokaa, ataandika kwamba nyumba inatengenezeka na ina mlinzi wa kuitunza.

"Ila siahidi," aliongeza. "Na ujue, ukishaivua saruji hakuna kurudi nyuma. Mvua ikiukuta ukuta uko uchi, udongo wote utaoshwa, na nyumba itawaangukia humo humo."

Alipoondoka, Mzee Saruji aliingia kumweleza mkewe. Alikuwa amepanga maneno, yakamtoroka. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akasema tu kwamba ni yeye, kwamba kifua chote hiki ni yeye amekileta kwa mwiko wake. Mkewe alimtazama kwa macho yale yale aliyokuwa akimtazamia tangu usichana, macho ya mtu anayekagua sahani kama imetakata.

"Nilikwambia ukuta unatoa jasho," alinong'ona.

"Uliniambia."

"Basi kauvue nguo. Unakaa hapa kufanya nini?"

Kabla hajaanza, shemeji alifika. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mtu wa kusema lililo moyoni na kukujulisha baadaye kwamba ametania. Habari za kubomolewa zilikuwa zimeshamfikia, maana habari za namna hiyo hazihitaji miguu. Alikuja kumchukua dada yake. Kwake kulikuwa na nafasi ya kitanda kimoja, sebuleni, nyuma ya pazia.

"Kwa dada tu," alisema, akikwepa macho ya Mzee Saruji. "Wewe shemeji, unajua nyumba yangu ilivyo. Utajitafutia."

Hakusema kwa ubaya. Lakini jambo lilikuwa limeshatamkwa, na wote watatu walilielewa: jumba likianguka, hawa wawili waliozeeka pamoja watagawanywa kama vyombo vya mirathi. Mmoja nyuma ya pazia, mwingine popote atakapoanguka. Mzee Saruji aliwaza hata nani atakayemgeuza mkewe usiku, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua upande upi haumuumi.

Shemeji naye alikuwa na lake la siku nyingi. Kwa nini mtu ajiue kwa ajili ya jumba hili? Mawe haya yalibebwa vichwani na babu zao kutoka mtoni, na aliyeangusha jiwe alichapwa pale pale kwenye veranda, wengine wakitazama. Baba yake yeye alikuwa na kovu mgongoni lililotoka hapa. Lianguke, alisema, lianguke mchana watu wapige vigelegele.

"Najua," Mzee Saruji alimjibu. "Baba yangu pia walimchapa hapo. Kama ni hasira, shemeji, tugawane, ninayo ya kutosha. Lakini dada yako analala humu, na mimi nalala naye. Likianguka, wao walioondoka hawataumia hata ukucha."

Shemeji alisema atarudi na mkokoteni mawingu yakikaza, maana dada yake hatamwacha azikwe na mawe ya wenyewe, na akaenda zake.

Mzee Saruji alianza kazi jua likiwa bado kali. Jamani, kuvunja kazi ya mikono yako mwenyewe si mchezo. Kila sehemu aliyoigonga aliikumbuka: hapa alipiga mwaka wa ukame, hapa ufa ulirudi mara kwa mara mpaka akautukana, hapa alichanganya saruji nyingi kuliko mchanga kwa kujionyesha tu. Mahali pengine plasta ilidondoka kwa kuguswa, pengine iling'ang'ania na kutoka na jiwe zima. Aliogopa kila pigo. Vumbi lilimjaa machoni, viganja vikachubuka, mgongo ukakataa kunyooka, na ndani ya ukuta kikohozi cha mkewe kilikuwa kikimhesabia pumzi.

Siku zilivyokwenda ukuta ulibaki uchi kabisa, mawe yametoa meno, udongo ukianza kupauka kwa juu. Akiweka kiganja, bado ulikuwa baridi. Kila asubuhi aliweka kiganja nje, mkewe akaweka chake ndani, kisha mzee akaenda dirishani kumuuliza. Bado, mkewe alikuwa akisema. Siku moja akasema afadhali. Mzee Saruji akageuka upande ili bibi asimwone akifuta macho.

Lakini chokaa ilikuwa wapi? Dukani walimcheka kwa adabu. Chokaa ya kujengea hawakuwa wameiuza tangu wajukuu wao hawajazaliwa, wakamwonyesha mifuko ya saruji iliyopangwa mpaka darini, na mwenye duka akashangaa inakuwaje Mzee Saruji, yeye wa kuitwa Saruji, anaikimbia. Mzee akaondoka mikono mitupu. Kule juu ya vilima mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa, meusi, hayana haraka.

Alirudi akajibwaga kwenye sakafu ya kufulia nguo, nyuma ya jiko la zamani, akashika tama. Alikuwa hana mbele wala nyuma. Ukuta ameuvua, nguo ya kuuvika hana. Aliitazama sakafu ile aliyoimwaga mwenyewe ujanani, saruji nene, laini, aliyojivunia kuliko zote. Akaanza kukumbuka kwa nini aliimwaga.

Hapa palikuwa shimo la chokaa la baba yake. Baba alichoma mawe, akayazima kwa maji humo shimoni mpaka yakachemka yenyewe kama yana pepo, kisha akaiacha chokaa ilale. Hakuitumia mbichi. Aliifunika kwa majani akaiwekea maji, akisema chokaa ni ya kungojwa, na kila mwaka baada ya mavuno aliichota akalivika jumba lote shati jipya jeupe. Alisema nyumba ina pua na haifai kuzibwa. Kijana wake alimcheka. Ilikuwa kazi ya wazee, inaunguza mikono, inakufanya unuke. Baba alipofariki, kijana aliyekwisha kuitwa Saruji alilifunika shimo lile kwa saruji, akawaalika wenzake waje kuona jinsi ilivyonyooka.

Mzee Saruji alisimama. Alichukua nyundo kubwa akaipiga ile sakafu. Ilimkatalia, maana alikuwa fundi mzuri siku hizo, na sasa uzuri wake ulimsimamia njiani. Alipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Kipande kilipopasuka alikivuta, akapiga magoti, akaingiza mkono gizani bila kuona. Aligusa kitu kigumu, akadhani chokaa imeganda yote. Akakwangua kwa kucha. Ule ugumu ulikuwa gamba tu, ukavunjika kama gamba la yai, na mkono wake ukazama mpaka kwenye kiwiko katika kitu baridi, laini, kinachoteleza kama siagi. Alipoutoa ulikuwa mweupe pe. Saruji yake mbaya ilikuwa imeifunika chokaa ya baba miaka yote hiyo, maji yasikauke, hewa isiingie. Mzee alikaa pale akilia waziwazi kama mtoto, chokaa ikimuunguza, asijali.

Alianza kuipiga siku hiyo hiyo. Aliichanganya na mchanga wa mtoni, akairusha kati ya mawe kwa mkono, akaisawazisha kwa kiganja, maana mwiko hakuuamini tena. Alimkumbuka baba alivyokuwa akifanya: juu kushuka chini, polepole, kama unampaka mtoto mafuta. Hakuwahi kufundishwa. Alikuwa ametazama tu, huku akicheka.

Alikuwa amebakiza sehemu ya chini ya dirisha upepo ulipogeuka. Vumbi likainuka shambani, mabati yakaanza kugonga. Shemeji alitokea na mkokoteni, godoro limeshatandikwa juu yake. Alipofika kwenye kona ya jumba akasimama. Ukuta wote ulikuwa mweupe, ule weupe wa zamani ambao yeye alikuwa ameuona utotoni kwa mbali tu, kutoka shambani, akiwa amekatazwa kusogea. Alitazama ukuta, akatazama mikono ya Mzee Saruji iliyobabuka, akatema mate pembeni.

"Ikinyeshewa sasa hivi itatoka?" aliuliza.

"Itatoka yote. Bado mbichi."

Shemeji alitukana, hakuna aliyejua alimtukana nani. Kisha akalikunjua turubai alilokuja nalo la kumfunikia dada yake, akapanda juu ya mkokoteni, akaanza kulifunga kwenye nguzo za veranda, akinung'unika kwamba anafanya hivi kwa ajili ya dada tu na watu wasije wakamwelewa vibaya. Pembe moja haikupata pa kufungwa. Akaishika kwa mikono.

Matone ya kwanza yalianguka makubwa, yaliyoachana. Barabara ya kuja shambani ilikuwa tupu mpaka mwisho, hakuna gari la Injinia, hakuna hata vumbi la gari. Mzee Saruji alikuwa amepiga magoti chini ya turubai, akimalizia sehemu ya mwisho kwa kiganja, kule kule alikobandua Injinia. Mvua ikachanganya. Turubai likafura, shemeji akayumba nalo, maji yakaanza kuchuruzika mahali fulani pembeni na Mzee Saruji hakuthubutu kugeuka aone ni wapi.

Hapo ndipo aliposikia kijiko.

Alidhani ni mabati. Akazuia pumzi. Kilikuja tena, kutoka ndani ya ukuta, usawa wa uso wake, karibu kabisa, mlio mkavu wa jiwe. Hakuweza kujibu kwa kugonga, chokaa ilikuwa mbichi mno. Akaegemeza sikio lake taratibu kwenye ule weupe uliolowa, akalibakiza hapo, na shemeji kule juu akapaza sauti kumuuliza kuna nini, mbona ametulia, na yeye akainua mkono tu kumwashiria anyamaze.